Kimya cha Saa Sita

Ukinikuta sokoni Rulenge na gunia langu la maharage, huwezi kujua kwamba mimi ni mwimbaji. Utaona mama mnene mwenye mdomo, basi. Mdomo ninao kweli, sikatai. Lakini koo hili limeimba na Ruvubu Jazz tangu mwaka themanini na tatu, na miaka yote hiyo ni mwanamume mmoja tu aliyethubutu kunikaripia mbele za watu nikanyamaza. Jina lake Matiasi, mpiga gitaa la solo. Sauti yangu ikishuka chini ya vyombo kidogo tu, hata kama ni harusini na bibi harusi yuko katikati anacheza, yeye atainua kichwa na kusema, "Domisiana, umeshuka!"

Umeshuka! Neno hilo nimelichukia kuliko njaa. Nilikuwa namjibu kwa macho huku naimba, na mara nyingine kwa kisigino juu ya kiatu chake. Lakini alikuwa na haki, mshenzi yule. Sikio lake halikudanganyika. Nasimulia habari zake mimi mwenyewe kabla watu wengine hawajazisimulia vibaya, kwa sababu waliomtendea lile jambo ni sisi wenzake, na mimi nimo.

Sikiliza. Sisi tulianza bila vifaa. Magitaa mawili, besi moja, na ngoma alizojitengenezea Shilinde, Msukuma wa Biharamulo aliyekuja huku kununua ng'ombe akabaki kwa ajili ya muziki. Kwa ajili ya mwanamke pia, lakini hayo ni yake. Hatukuwa na kitu cha kutyunia magitaa. Tulichokuwa nacho ni rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi nje ya kigango chetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Rulenge. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele. Katekista aliipiga kwa kipande cha nondo asubuhi, saa sita na jioni. Siku moja Matiasi aliisikiliza, akakaza uzi wa tatu wa gitaa lake mpaka ukalia sawasawa na rimu, akasema, "Basi. Hapa ndipo kwetu."

Tangu siku hiyo vyombo vyote vilifuata rimu, na aliyevityuni vyote ni Matiasi. Ilikuwa sheria: hakuna anayegusa nyuzi za gitaa kabla yake, na lake haligusi mtu. Wanamuziki wa mjini walitucheka, wakasema tuko chini, hatulingani na bendi yoyote. Kweli hatukulingana. Lakini ukitusikia kutoka ng'ambo ya kilima, ulijua ni sisi kabla hujashika neno hata moja la wimbo.

Sheria nyingine ilikuwa ya saa sita. Tulifanya mazoezi palepale uani kwa kigango, na adhuhuri ikifika katekista anapiga mapigo matatu ya kuanzia sala ya Malaika wa Bwana. Hatukupiga muziki juu ya kengele ya Mungu. Wimbo ufike popote utakapofika, mikono juu. Sasa siku moja tulikuwa tunatunga wimbo wa mke anayemngoja mume kutoka shamba huku chakula kinapoa. Tuko katikati ya ubeti wa pili, rimu ikalia. Tukanyamaza. Shilinde tu, kwa utundu wake, akaifuata rimu kwa ngoma, polepole, moja, mbili, tatu. Kisha Matiasi akarudi na uzi mmoja tu, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Tukatazamana. Nywele zilinisimama, nakuambia.

"Hapo pasiguswe," Matiasi akasema.

Hapakuguswa. Wimbo tukauita "Saa Sita", na popote tulipoupiga, gitaa la Matiasi lilinyamaza pale kwa mapigo matatu. Watu walikuwa wanasimama mguu mmoja juu, wanacheka, wanangoja arudi. Wazee wenye imani walikuwa wanavua kofia kabisa.

Halafu mwaka wa tisini na nne wilaya yetu ikafurika watu. Wakimbizi walijaa kambini Lukole na kwingineko, na nyuma yao wakaja watu wa mashirika na magari yao, majenereta yao na kiu yao. Jumamosi zote tulikuwa Ngara mjini tunawapigia. Walitaka muziki wa kisasa, tukanunua kinanda cha umeme. Kinanda kile kilikuwa na ngoma ndani, besi ndani, tarumbeta ndani. Shilinde akawa anakaa pembeni na vijiti mikononi kama mgeni katika bendi yake mwenyewe. Magitaa nayo ikabidi yapandishwe yalingane na kinanda. Rimu tukaisahau.  Matiasi alisimama kando ya spika ndefu kama mlango, sikio la kulia likielekea huko, akapiga alichoambiwa, mwaka baada ya mwaka.

Wageni waliondoka, kinanda kikafa, harusi zikaanza kutaka vijana wenye kompyuta. Habimana wetu, aliyepiga gitaa la pili, akafariki. Bendi ikabaki jina. Hata rimu yenyewe iliibiwa na watu wa chuma chakavu, miaka sita sasa, na kigango kikanunua kipaza sauti. Mimi nikakaa na maharage yangu nikaona basi, yamekwisha.

Mwaka jana akaja Nice. Huyu ni binti wa marehemu Habimana. Alisomea mambo ya sauti Mwanza, sasa ana studio yake Ngara mjini, karibu na stendi. Alinikuta sokoni, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Maharage au umbea?"

Akacheka. Akasema anataka tutoe albamu. Mimi nikamwambia mwanangu, kinanda kimekufa na mimi magoti yananiuma. Akasema hataki kinanda. "Nataka kama mlivyokuwa zamani kabisa, Mama. Magitaa, ngoma na sauti yako. Chini kulekule mlikokuwa. Kanda za baba zimeliwa na ukungu, na sitaki watoto wangu waambiwe tu kwamba babu yao alikuwa na bendi."

Tulikwenda pamoja kumwambia Matiasi. Nice alizungumza, Matiasi akawa anamwangalia mdomo bila kupepesa, na alipomaliza mzee yule akaingia ndani akatoka na gitaa lake limefungwa kwenye khanga ya mkewe. Machozi yanamtoka, wala hajifuti. "Mikono yangu ibaki humo," alisema kwa sauti kubwa. "Nikifa mtu aseme, huyu ni Matiasi." Nikamtania kwamba bado hajafa na tayari anapiga kelele kaburini. Hakucheka. Nilidhani ni furaha tu imemzidi.

Mazoezi tukayafanya uani kwake, kati ya migomba. Nafasi ya Habimana alichukua Ishimwe, kijana wa miaka ishirini na minane anayepigia kwaya moja pale Ngara. Ana adabu, ana vidole laini, na alimsoma Matiasi mkono kwa mkono hadi akawa anaweza kuigiza hata namna anavyokwaruza uzi kwa kucha. Sina la kumlaumu. Tulifanya nyimbo zote isipokuwa "Saa Sita". Matiasi alisema ule haufanyiwi mazoezi, mtu hafanyi mazoezi ya kuingia nyumbani kwake.

Wiki ya pili nilikuwa na mafua. Nikaimba ubeti mzima chini kabisa, hata mbuzi waligundua. Nikasubiri neno langu. Halikuja. Matiasi alikuwa ameinama juu ya gitaa anatikisa kichwa na kutabasamu. Nikasema moyoni, leo kanihurumia. Tuliporudia nikashuka makusudi, nikaharibu kiasi kwamba Shilinde aliacha kupiga akanitolea macho.

Matiasi akainua kichwa. "Vizuri sana, Domisiana!" akasema. "Leo umekaa!"

Miaka arobaini nimelingoja neno hilo, na lilipokuja sikulitaka.

Wenzangu walipoondoka nikabaki. Nikasimama nyuma yake nikamwita kwa jina. Anakunja waya wa amplifaya. Nikamwita tena, kwa sauti ile ninayouzia sokoni. Anakunja waya. Mkewe Avelina akachungulia kutoka jikoni, akaniangalia, akajua kwamba nimejua, akarudisha kichwa ndani. Nikazunguka nikakaa mbele ya Matiasi.

"Tangu lini?" nikamuuliza, nikiufungua mdomo sana.

Hakujifanya hajui. Hilo namheshimu. Alisema sikio la kulia limekufa miaka minne, la kushoto linafuata. Alikwenda kwa daktari mjini, akaambiwa mshipa wenyewe ndio unaokufa, na kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitamsaidia, kitamwongezea kelele tu. Sauti za juu hazisikii tena kabisa.

"Unapigaje sasa?"

"Naona vidole vyangu. Najua vinachosema."

"Na kutyuni je?"

Hapo akatazama chini. Akasema bado anaikumbuka rimu. Iko kichwani, hakuna mwizi wa kuichukua.

Jamani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kila alipokataa ushauri kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nimemtania nayo miaka na miaka, watu wakicheka. Siku hiyo methali ile niliimeza, na nikamwomba Mungu anisamehe. Nikamwambia badala yake kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

"Kilio nimeshakiona, Domisiana. Mwakani sitasikia hata radi. Nataka hii moja tu. Usiwaambie. Wakijua wataniweka kwenye kiti cha heshima, wanifunike na kitambaa, na gitaa apewe mwingine."

Nikaapa. Ningefanyaje? Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Studio ya Nice ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kelele za bodaboda zisiingie. Kuna kioo, na nyuma ya kioo Nice na kompyuta yake. Siku ya kwanza alitaka kila mtu apige peke yake, na hedfoni masikioni. Shilinde akapiga, sawa. Besi sawa. Matiasi akaingia, akavaa hedfoni, akatabasamu na kuinua dole gumba, kisha akaanza kupiga wimbo mwingine kabisa. Wimbo wenyewe ulikuwa uleule, lakini yeye yuko shamba, ngoma ziko mtoni. Wakarudia. Wakarudia tena. Mimi nahesabu mara ya kumi na saba, jasho linanitoka utadhani ninayepiga ni mimi. Nice akaongeza sauti kwenye hedfoni mpaka sisi tuliokaa nje ya kioo tukaisikia ikivuja.

Kesho yake nikamwambia Nice sisi wazee hatujazoea kutenganishwa, atuweke pamoja. Akakubali. Matiasi akavua kiatu, akauweka unyayo wake ubavuni mwa ngoma kubwa ya Shilinde. Wengine walidhani ni mbwembwe za uzee. Mimi nilijua anasikiliza kwa mguu. Na tukapiga "Saa Sita".

Lo! Nakuambia alirudi. Mwendo ule, kukaa nyuma kidogo ya ngoma, kila kitu. Ubeti wa pili ukafika, akainua mkono, akanyamaza. Shilinde akagonga moja, mbili, tatu. Na yule bwana akarudi na uzi wake mmoja, palepale, bila kuchelewa hata kupepesa jicho. Machozi yalinitoka nikiwa kwenye maikrofoni. Nikageuka, nikaona Ishimwe anamtazama Nice kupitia kioo, na Nice anamtazama Ishimwe. Nikadhani nao wameguswa.

Ila nyuzi. Ee Mungu wangu, nyuzi. Alikuwa amezityuni mwenyewe kwa rimu ya kichwani, na kichwani rimu ilikuwa imeshaanza kupinda. Kila uzi na lake. Mikono ilikuwa ya Matiasi, lakini kilichotoka kilikuwa kichungu kama mlenda ulioungua. Ishimwe aliomba kwa adabu amsaidie kutyuni, mzee akalivuta gitaa kifuani kama mama anayenyang'anywa mtoto. Tulipokwenda kunywa chai, Nice akalikamata gitaa, akalipima kwa kompyuta, akaliteremsha lote sawa na wenzake, likawa zuri kabisa. Matiasi akarudi, akalipakata, akapapasa nyuzi kwa mazoea yake ya miaka arobaini, akaanza kuzungusha vifunguo kimoja kimoja, uso umetulia. Akaliharibu lote upya. Tulikaa tunamwangalia. Hakuna aliyeinua mkono.

Siku ya tatu Nice akaniita nje, kwenye ukingo wa barabara.

"Mama, Mzee Matiasi hasikii?"

Nikatazama bodaboda zinavyopanda kilima. Nikamwambia mvua itanyesha. Anga lilikuwa jeupe kama sahani.

"Mama."

Sikujibu. Nimeapa kwa jina la mama yangu, na kiapo sikukivunja kwa mdomo. Lakini mimi nikinyamaza, mtu yeyote aliyewahi kununua maharage kwangu anajua kuna jambo. Nice akafunika uso kwa viganja.

"Kompyuta yako haiwezi kumnyoosha?" nikauliza.

"Sauti yako naweza, Mama. Nyuzi sita zinazolia pamoja, kila moja imekwenda njia yake, siwezi. Nimejaribu usiku kucha."

"Basi tungoje."

"Tungoje nini? Apone?"

Nikaokota kijiwe, nikakitupa barabarani.

"Tukimwambia?"

"Ukimwambia atafunga gitaa kwenye khanga aende zake, na hatalifungua tena. Mimi namjua."

Akasema basi ipo njia moja. Sisi wazee turudi Rulenge tukiwa na furaha kwamba kazi imekwisha. Ishimwe abaki, apige upya gitaa lote la Matiasi, kama lilivyo, na jina libaki la Matiasi. Mzee hatajua, na watu watamsikia alivyokuwa. "Ishimwe kajifunza kwake, Mama. Ni mkono wake uleule. Unasemaje?"

  Nikiwaza huku naona kiapo, nikiwaza kule naona albamu ambayo watu wataicheka, waseme mzee Matiasi kaishiwa. La kuvunda halina ubani.

"Fanyeni," nikasema.

Akaniomba nibaki nao siku mbili niwasikilizie, kwa kuwa ni mimi ninayezijua nyimbo. Nikamwambia maharage yangu yataota. Uongo. Sikutaka kukaa kwenye kile chumba nikaone vidole vya mtu mwingine vinaingia mahali pa vile vya Matiasi. Nilikimbia, ndiyo ukweli wenyewe, na kwa kuwa nilikimbia sikumwambia mtu habari za rimu na kile kimya chake. Ishimwe hajawahi kuisikia. Nice alikuwa mtoto mdogo tulipoacha kuifuata. Ningesema sentensi moja tu. Mimi! Mimi ambaye mdomo haufungi!

Miezi miwili baadaye albamu ikatoka, Nice akaiita "Sauti ya Rimu", kwa sababu jina hilo alilisikia kwa baba yake. Vijana wakaanza kurushiana kwenye simu. Simu yangu mimi ni ya tochi, inapiga na kupokea, kwa hiyo sikusikia kitu. Lakini Matiasi akipita sokoni watu wanamshika mkono. "Mzee, bado umo!" Anatazama midomo yao, anaelewa, anacheka na meno yote. Alinunua shati jipya. Avelina aliniambia siku hizi analala kama mtoto mchanga. Na mimi nikaanza kujiambia labda tulifanya vema, labda Mungu mwenyewe alitufumbia jicho.

Uzinduzi ukafanyika Jumapili, baada ya Misa ya pili, katika ukumbi mmoja hapa Rulenge. Ukumbi ukajaa hadi madirishani. Mbele waliweka kiti kikubwa, wakakifunika kitambaa cheupe, wakamkalisha Matiasi. Nilipokiona kile kiti nikasita mlangoni. Yeye aliniona, akanipungia, akakigonga kile kitambaa kwa kiganja kama anayesema, unaona? Lakini alikuwa anatabasamu. Kiti hakikumtisha tena, maana kazi alishaimaliza.

Muziki ukawekwa. Wimbo wa kwanza, watu wakapiga vigelegele. Wa pili, akina mama wakainuka. Ilikuwa ni sisi, nisiseme uongo. Ilikuwa ni sisi wa mwaka themanini na tano, chini kulekule, na gitaa linatiririka. Matiasi akasogeza kiti chake karibu na spika, akaweka kiganja cha kulia juu ya mbao yake. Vidole vya kushoto akaviweka gotini, vikawa vinatembea, vinabonyeza suruali kama vinavyobonyeza nyuzi. Macho ameyafumba. Nilimsogelea nikasimama nyuma ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Ngara nikapumua.

Ukaja "Saa Sita".

Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaanza, najisikia mwenyewe naimba humo ndani, chakula kinapoa, jua liko utosini. Najua kinachofuata. Mwili wote unajua. Nikashika pumzi kusubiri kimya.

Gitaa likaendelea. Likapanda, tamu, laini, likazijaza zile nafasi zote tatu, na chini yake ngoma ya Shilinde ikawa inagonga moja, mbili, tatu, hakuna anayeisikia. Ukumbi ukalipuka kwa furaha. Ishimwe alikuwa begani kwangu, ameinama kwa heshima.

"Hapo Mzee alikuwa amepotea, Mama," akaninong'oneza. "Tukamsitiri."

 Nilikuwa namwangalia Matiasi. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimeinuka kutoka gotini, viko hewani, vimenyamaza mahali pake. Na kile kiganja kingine kilikuwa juu ya spika, na spika inatetemeka.

Akafumbua macho. Akakitazama kiganja chake. Akageuka akamtazama Ishimwe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Ningependa angevunja kile kiti. Ningependa angenitukana mbele ya Rulenge nzima, ninajua kutukanwa, ningemjibu. Aliniashiria tu niiname.

"Domisiana," akasema, sauti kubwa asiyoijua ukubwa wake, lakini muziki ukaimeza. "Nimeshuka?"

Nikatikisa kichwa. Nikafungua mdomo wangu taratibu ausome vizuri. "Hujashuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili.

"Basi mimi simo," akasema.

Hapo ndipo mshereheshaji akaliita jina lake, watu wote wakasimama kumpigia makofi. Matiasi hakusikia, ila aliona mikono. Akainuka polepole, akalinyoosha shati lake jipya, akawapungia kwa mkono ule wa kushoto, na wao wakazidi kushangilia, wakiutazama mkono huo na kuonyeshana. Na mimi nyuma ya kiti nikapiga makofi pamoja nao. Ningefanya nini?